MENO YA MBWA MDOGO: INUA MDOMO UYATAZAME

Mkulima akienda sokoni kununua ng'ombe, jambo la kwanza afanyalo ni kumfungua kinywa. Hutazama meno ya mbele ya taya la chini, akahesabu yaliyobadilika, akajua umri wa mnyama kabla ya kutoa hata shilingi moja. Hakuna anayemcheka kwa kufanya hivyo. Lakini mtu huyo huyo anaweza kukaa na mbwa nyumbani kwake kwa miaka sita, asiinue mdomo wa mbwa huyo hata siku moja. Ukimwuliza kwa nini, atakujibu, "Mbwa ana shida gani ya meno? Meno ndiyo kazi yake."

Kwa mbwa wetu wa zamani wa bomani, mrefu wa pua na mwenye taya pana, jibu hilo lina ukweli kidogo. Lakini siku hizi wako mbwa wa namna nyingine katika vijiji vya Kenyenya. Vijana wanaofanya kazi Nairobi na Nakuru hurudi nyumbani mwezi wa Desemba na mbwa wadogo wa manyoya, aina ya Spitz au Maltese, au waliochanganyika. Sikukuu ikiisha kijana hurudi kazini, na mbwa hubaki kwa nyanya. Nyanya humlisha kama alivyolisha mbwa wote aliopata kuwa nao, na mbwa hunawiri, hubweka vizuri wageni wakija. Miaka mitatu minne ikipita, kinywa chake huanza kunuka.

Mama mmoja mzee alikuja ofisini kwetu na mbwa mweupe ndani ya kikapu. Ofisi yetu ni ya kilimo, watu huja kuuliza habari za mbolea na mbegu, lakini siku hiyo Bwana Mifugo alikuwapo. Mama akasema, "Mwanangu, huyu amekataa ugali siku ya nne. Mjukuu wangu akija atasema nimemnyima chakula." Bwana Mifugo alimwuliza kwanza kama mbwa amechanjwa, akaoneshwa kadi, kisha akavaa mipira mikononi na kuinua mdomo wa juu polepole. Magego hayakuonekana. Palikuwa na kitu cha rangi ya kahawia kama udongo uliokauka kwenye jembe, na ufizi ulikuwa mwekundu wenye usaha. Meno mengine yalitikisika yakiguswa. Mama alinyamaza kwa muda, akasema, "Kumbe alikuwa na njaa siku zote hizi, na chakula kiko mbele yake."

Ni kwa ajili ya mbwa kama huyo ndiyo naandika habari hizi. Kazi ya kumzuia asifike hapo ni ya dakika mbili kila jioni, na vyombo vyake ni kitambaa na maji. Lakini liko jambo moja la hatari kuhusu kutia mkono katika kinywa cha mbwa. Nitalieleza mbele, nami namwomba msomaji asiache kusoma kabla ya kulifikia.

UGONJWA HUANZAJE?

Kila kiumbe chenye meno na mate hupata ukoga. Ukoga ni utando laini wa vijidudu na mabaki ya chakula, nao huanza kushika jino saa chache tu baada ya jino kusafishwa. Ukipitisha ukucha asubuhi kwenye jino lako kabla ya kupiga mswaki utauona. Ukiwa bado laini, ukoga huondoka kwa kusuguliwa. Usiposuguliwa, chumvichumvi zilizomo katika mate huugandisha, na kwa mbwa kazi hiyo huchukua siku chache tu. Hapo ukoga umekuwa jiwe. Wachongaji wa Tabaka huchonga mawe yao kwa kisu na panga, lakini jiwe hili la meno halitoki kwa kisu, wala mtu asijaribu. Atalikwaruza jino na kukata ufizi, na mbwa hatamwamini tena.

Jiwe lenyewe lina uso wa kukwaruza, kwa hiyo ukoga mwingine hulishika upesi, nalo hukua likielekea chini, baina ya ufizi na jino. Ufizi huvimba, hutoka damu, kisha huachana na jino na kufanya mfuko mdogo. Katika mfuko huo vijidudu huishi mahali ambapo mswaki haufiki. Huko chini hula kamba zinazolishika jino na mfupa wa taya wenyewe, mpaka jino linabaki likining'inia. Mbwa hapati sana matundu ya meno kama wapatavyo watoto wa shule wapendao peremende. Ugonjwa wake mkubwa ni huu wa ufizi, na madaktari wa wanyama husema ya kuwa mbwa wengi wafikapo miaka 3 huwa tayari na dalili zake.

Kwa nini mbwa wadogo huumwa zaidi? Sasa tuhesabu. Mbwa mzima ana meno 42: juu 20, chini 22. Mbele yako madogo 12, sita juu na sita chini, ambayo mbwa hunyofolea nyama na kujikuna viroboto. Kisha ziko chonge 4. Nyuma ya chonge yako meno 16 yenye ncha, na nyuma kabisa magego 10. Hesabu hiyo ni ile ile kwa mbwa mkubwa wa polisi na kwa mbwa anayeenea katika kikapu. Mbwa mdogo hakupunguziwa hata jino moja, amepunguziwa taya. Kwa hiyo meno yake husongamana kama wanafunzi sita katika dawati la watatu, mengine hukaa upande, na chakula hukwama katikati. Tena mfupa wa taya lake ni mwembamba. Ugonjwa ukiula mfupa huo wa chini kwa miaka, taya laweza kuvunjika kwa mbwa kuruka tu kutoka kitini.

Vijidudu hivyo na sumu yake pia huingia katika damu kupitia ufizi uliooza, na hilo si jambo jema kwa mnyama yeyote, hasa mzee.

JINSI YA KUSAFISHA

Kwanza kabisa mbwa awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na majuma kadhaa yawe yamepita tangu chanjo, maana nguvu ya chanjo haiji siku ile ile. Sababu yake nitaisema. Mikono yako isiwe na vidonda.

Chagua saa moja kila siku. Jioni baada ya mbwa kula ni saa nzuri, maana ametulia. Mpakate mapajani, kichwa chake kikielekea kwenye mwanga. Siku za kwanza usisafishe kitu. Mshike kidevu, mguse midomo kwa nje, inua mdomo upande mmoja, ushushe, mpe sifa na kipande kidogo cha nyama, umwache aende. Kesho fanya tena. Watu wengi hushindwa hapa kwa sababu ya haraka: siku ya kwanza hukibana kinywa cha mbwa na kukifungua kwa nguvu, mbwa huogopa, na siku ya pili akiona kitambaa hujificha chini ya ghala. Mwalimu yeyote anajua ya kuwa mtoto aliyetishwa siku ya kwanza ya shule huwa na kazi kumrudisha.

Baada ya juma moja hivi, funga kitambaa laini na safi kwenye kidole chako cha shahada. Kiloweshe maji, au maji yaliyochemshiwa nyama bila chumvi wala vitunguu, mbwa apate kupenda ladha. Kinywa cha mbwa kibaki kimefungwa. Hilo huwashangaza watu, lakini kazi yote iko upande wa nje wa meno, kati ya meno na shavu, na upande wa ndani ulimi wa mbwa hujitahidi wenyewe. Inua mdomo, ingiza kidole pembeni mpaka kwenye meno makubwa ya nyuma ya taya la juu, usugue kwa kuzungusha pale ambapo jino hukutana na ufizi. Anza na hayo ya nyuma juu, kwa maana mfereji wa mate humwagikia hapo, na ndipo mawe hujengeka kwanza. Kisha njoo mbele kwenye chonge, halafu chini. Nusu dakika kila upande yatosha.

Akishazoea kitambaa, badili utumie mswaki mdogo laini wa mtoto. Nywele za mswaki huingia chini ya ukingo wa ufizi kidogo, jambo ambalo kitambaa hakiwezi. Uinamishe mswaki upande, nywele zielekee kwenye ufizi, usisugue kwa nguvu kama mtu anayesugua sufuria. Mswaki huo uwe wa mbwa peke yake, uwekwe mbali na miswaki ya watoto, na unawe mikono kwa sabuni ukimaliza.

Siku za kwanza ufizi uliokuwa umevimba huweza kutoa damu kidogo. Usiache kwa sababu hiyo, maana mara nyingi damu hukoma ufizi ukipona. Lakini ikiwa damu haikomi, au mbwa analia ukimgusa mahali fulani, acha mswaki umpeleke kwa daktari. Kupiga mswaki juu ya jino linalouma ni kumfundisha mbwa kuuma.

Wengine huuliza kama mara moja kwa juma haitoshi, Jumapili baada ya kanisa. Haitoshi. Ukoga uligeuka jiwe tangu katikati ya juma, nawe unasugua jiwe. Kila siku ndiyo desturi njema. Siku moja ukipitiwa, kesho yake usipitiwe.

DAWA YA MENO NA MAJIVU

Usitumie dawa ya meno ya watu. Sisi husukutua na kutema, lakini mbwa hajui kutema, humeza yote. Dawa hizo zina floridi na povu ambavyo havifai tumboni mwake kila siku. Mbaya zaidi, nyingine zina sukari ya kuiga ambayo kwenye pakiti huandikwa xylitol. Kwa mtu haina neno, lakini kwa mbwa ni sumu. Hushusha sukari ya damu kwa ghafula, mbwa akapepesuka na kuanguka, na huweza kuharibu ini. Mbwa mdogo huhitaji kiasi kidogo sana ili adhurike. Sukari hiyo hiyo imo katika peremende nyingine za kutafuna zisizo na sukari, basi watoto waonywe wasimgawie mbwa.

Iko dawa ya meno iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, ambayo huweza kumezwa. Kama duka la dawa za mifugo linayo nawe una fedha, nunua. Kama huna, maji matupu yatosha, maana kinachoondoa ukoga ni kule kusugua.

Na je, mkaa uliosagwa, majivu na chumvi, ambavyo wazee wetu walisafishia meno yao? Kwa mbwa haifai. Mkaa na majivu hukwaruza jino, na chumvi akiimeza kila siku humdhuru mnyama wa kilo tatu au nne. Wala mswaki wa mti usimpe autafune, maana nyuzi zake hukwama baina ya meno na vipande huchoma ufizi.

MIFUPA, MAGUNZI NA CHAKULA

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye mabishano. Wengi husema mbwa husafisha meno kwa mfupa. Ni kweli kwamba kutafuna husugua meno, lakini mfupa mgumu hupasua jino. Jino lipasukalo mara nyingi ni lile kubwa la taya la juu, la nne kuhesabu kutoka nyuma ya chonge, ambalo ndilo mbwa hukatia. Hupasuka kipande cha ubavuni, moyo wa jino ukabaki wazi, na miezi baadaye mwenye mbwa huona uvimbe chini ya jicho. Hudhani amepigwa jiwe au ameumwa na nyuki, akampaka dawa ya jicho. Uvimbe hupasuka, hutoa usaha, hupona, hurudi tena. Shida si ya jicho hata kidogo. Ni mzizi wa jino lile, ambao hufika karibu na chini ya jicho.

Mifupa ya kuku iliyopikwa ni mibaya kwa namna nyingine: huvunjika kwa ncha kali kama sindano, zikachoma koo au utumbo. Kipimo rahisi cha kitu cha kutafuna ni ukucha wako. Kibonyeze kwa ukucha. Kama ukucha hauachi alama, kitu hicho ni kigumu mno kwa jino la mbwa mdogo. Kipande kirefu cha karoti mbichi ni salama akitazamwa anapokula, ingawa ni cha kumchangamsha zaidi kuliko cha kumsafisha.

Jambo la pili ni gunzi la mahindi. Hapa kwetu mahindi ya kuchoma huliwa kila mahali wakati wa mavuno, na gunzi hutupwa uani. Mbwa hulipenda kwa sababu lina utamu na harufu ya moshi, na mwenye nyumba hufurahi akidhani mbwa anajisugua meno. Mbwa mdogo hukata kipande akakimeza kizima. Gunzi halisagiki tumboni. Hukaa, kisha huziba utumbo, na mbwa hutapika siku nyingi bila watu kujua sababu, mpaka afe au apasuliwe. Kokwa ya parachichi ni vivyo hivyo. Basi magunzi yatupwe mahali pa mbolea penye uzio, au yawekwe kuni.

Siku ya kuchinja, usimtupie mbwa maini wala mapafu mabichi yenye malengelenge ya maji. Hilo si la meno, lakini kwa kuwa tunazungumza habari za vitu anavyotafuna, nalitaja. Malengelenge hayo ni mnyoo unaokwenda kukua ndani ya mbwa, na mayai yake hurudi kwa watu na kufanya uvimbe katika ini la mtu. Yafukiwe shimoni.

Ugali hauna kosa. Mbwa aendelee kula ugali pamoja na dagaa, mayai au mabaki ya nyama yasiyo na vitunguu. Ila mtu asidhani ya kuwa chakula kigumu kitafanya kazi ya mswaki. Hata kile chakula kikavu cha dukani, jino hukivunja mara likigusa, kabla hakijasugua ukingo wa ufizi.

MBWA MTOTO

Mbwa mtoto huota meno 28 ya utotoni, kuanzia juma la tatu hivi. Afikapo miezi 4 huanza kuyang'oa na kuota ya ukubwani, na kufikia mwezi wa 7 awe amemaliza. Mara nyingi huyameza yale ya zamani, usitafute. Lakini mbwa wadogo wana tabia moja: jino la utotoni hukataa kutoka, na lile la ukubwani huota kando yake. Ukiona chonge mbili zimesimama pamoja mahali pa moja, na mbwa amepita miezi 7, mwoneshe daktari aing'oe ile nyembamba. Usiing'oe kwa uzi wala koleo, kwani mzizi wake ni mrefu nao hukatikia ndani. Zikiachwa mbili, uchafu hujaa katikati na zote mbili huharibika.

Mbwa wa umri huo ndiye rahisi kuliko wote kuzoezwa kuguswa midomo. Aliyezoea utotoni atainua kichwa mwenyewe akiona kitambaa.

MBWA ANAYETOKWA NA MATE

Sasa naja kwenye lile nililoahidi. Dalili za ugonjwa wa meno ni hizi: harufu mbaya ya kinywa, kula kwa upande mmoja, kudondosha chakula, kukwaruza uso kwa mguu, mate mengi, pengine yenye damu, na kukataa chakula ingawa anakitazama. Msomaji azisome tena, kisha ajue ya kuwa kutokwa na mate, kushindwa kumeza na kuacha kula ni dalili pia za kichaa cha mbwa.

Mtu mmoja wa upande wetu, mchuma chai, alikuja kutuuliza kama tuna koleo jembamba la kuazima. Mbwa wake ameachia taya la chini, akasema, mate yanamtiririka, na bila shaka mfupa umekwama kooni. Jioni iliyopita alikuwa ametia mkono akatafuta mfupa huo asiuone. Mbwa hakumwuma, alikuwa mpole. Karani mwenzangu alimtazama vidole. Wachuma chai wanajua vile vidole huwa: vimepasuka pasuka kwenye kucha na pembeni. Tulimwambia aende hospitali saa ile ile, naye akakataa, akisema hakuumwa, alikuja kwa ajili ya koleo. Tulibishana naye mlangoni karibu nusu saa. Mwishowe alikwenda kwa kuwa mkewe alimwambia hatarudi nyumbani kabla ya kwenda. Mbwa alikufa siku ya tatu. Kichwa kilipelekwa kupimwa na jibu likawa ni kichaa. Mtu huyo alimaliza sindano zake zote, na mpaka leo anachuma chai.

Kichaa cha mbwa hakimfanyi kila mbwa kuwa mkali. Wako wanaokuwa wapole na kulegea taya, na hao ndio huwadanganya watu wema wanaotaka kuwasaidia. Ugonjwa huingia kwa mate katika jeraha, hata lisilo la kuumwa, hata mpasuko mdogo wa kidole, au machoni na kinywani. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hapana mwenye kupona. Duniani ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na kati ya kila wagonjwa 100, karibu 99 huupata kwa mbwa. Hapa Kenya ulithibitishwa katika mbwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, na mpango wa taifa ulioanza mwaka 2014 unakusudia kumaliza vifo vyake ifikapo mwaka 2030 kwa kuchanja mbwa.

Basi ukimwona mbwa ametokwa na mate mengi, ameacha taya wazi, sauti yake imebadilika, anapepesuka, au tabia yake imegeuka kwa ghafula, usitie mkono kinywani, awe amechanjwa au hakuchanjwa. Mfungie mahali peke yake bila kumgusa, watoto wakae mbali, umwite Bwana Mifugo. Na kama mate yake yameshakugusa kwenye jeraha, au amekuuma, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima kwa saa, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Ukianza sindano, zimalize zote kwa siku ulizoandikiwa.

Mbwa achanjwe afikapo miezi 3, arudiwe kila mwaka, na kadi yake itunzwe pamoja na kadi za watoto za kliniki. Tangazo la chanjo likitolewa katika baraza la chifu, mpeleke hata huyu mdogo anayelala jikoni. Wengi humwacha wakisema hatoki nje, lakini yeye ndiye anayelamba nyuso za watoto.

KWA DAKTARI

Mawe yakishakuwapo, njia ni moja, kumpa mbwa dawa ya usingizi na kuyatoa kwa chombo maalumu, juu ya ufizi na chini yake, kisha kung'oa meno yasiyofaa. Hakuna mbwa atakayetulia akiwa macho huku akichokolewa chini ya ufizi. Mtu akikuambia atayabandua sokoni mbwa akiwa ameshikwa na vijana wawili, mwache. Utumishi wa mifugo uko chini ya serikali ya kaunti tangu mwaka 2013, kwa hiyo anza na ofisi ya mifugo iliyo karibu. Wako pia madaktari wa kujitegemea, ila mwombe akuoneshe kibali chake cha Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kwani sheria inamtaka awe nacho. Si wote wenye vyombo vya meno, basi uliza kwanza kwa simu. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, lakini kwa mtu wa Kenyenya ni safari ya kutwa nzima na gharama, na ndiyo maana nimetumia kurasa nyingi juu ya kitambaa.

Kabla ya kulazwa usingizi mbwa asile kwa saa atakazokuambia daktari. Usizidishe kwa kudhani unasaidia, maana mbwa mdogo hulegea upesi kwa njaa. Mwambie daktari umri wake, dawa alizopata, na kama amewahi kuanguka au kukohoa usiku.

Yule mbwa wa kikapu aling'olewa meno tisa. Siku za kwanza alipewa uji mzito wa wimbi uliopoa na yai, pamoja na dawa alizoandikiwa. Baada ya majuma mawili daktari aliruhusu kitambaa kianze. Mama mzee anasema ya kuwa mbwa hula sufuria yake yote sasa, na kwamba kazi ya kusugua amempa mjukuu mdogo wa darasa la sita, kwa masharti ya kunawa mikono mbele yake.